Re: Maji ya kuongezea mahindi huku Makanya

Mkuu umeuliza kwa ekari zako 2 za mahindi ulipie pampu kwa saa au uingie kwenye ndiva, yaani bwawa la asili la pamoja la kukusanya maji ya kumwagilia. Mi nakushauri ndiva kwanza, pampu iwe ya dharura tu. Piga hesabu, ekari 1 ukiitia maji ya milimita 50 ni kama lita laki mbili, pampu ya lita 20,000 kwa saa inakula masaa 10, we una ekari 2 kwahiyo masaa 20 kwa kumwagilia mara moja tu na mafuta juu yako, mahindi ya vuli hayarudishi hiyo hela.

Ndiva Wapare wamezichimba tangu enzi za mababu, maji yanajaa usiku asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na malipo makubwa ni nguvu zako, msaragambo (kazi ya pamoja) wa kuzoa tope na kuziba mfereji unapovuja. Ila chonde chonde angalia kwanza shamba liko wapi kwenye mfereji, wa mwisho ndo wanaumia, inauma sana kuona mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele (maua ya juu) wakati wa juu wanamwagilia mpaka njia. Maji yakiwa machache yatunzie wakati huo wa mbelewele, hapo usikose kabisa.

Na ukitaka kuweka pampu yako mwenyewe mtoni nenda kwanza Bodi ya Maji Bonde la Pangani, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali na kuna ada ya matumizi.