Usiunganishe roketi ya urithi, tengeneza nakala

Ndugu yangu, umeuliza kama uiunganishe ile roketi ndogo ya kuunda ya kampuni ya Estes, iitwayo Orbital Transport, uliyorithi kwa mjomba ikiwa bado vipande kwenye mfuko wake. Nakusihi, usiiguse kwa gundi. Piga picha kila kipande, chora mapezi kwenye karatasi ya grafu, kisha uunde nakala.

Mabomba ya karatasi hayana shida. Bomba la saizi ya BT-50 bado linapatikana, kipenyo cha nje milimita 24.8. Kazi iko kwenye balsa, ile mbao nyepesi ya mapezi. Nyuzi za mbao ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, la sivyo litakatika roketi ikitua. Paka sila (kimiminika cha kuziba vinyweleo vya mbao), piga msasa laini, rudia. Mimi hurudia mara nne, na huamini kidole kuliko macho: kikipita bila kukwama, rangi itakaa.

Stika za zamani, zile za kulowekwa majini kabla ya kubandikwa, hupasuka zikilowa, kwa hiyo ziskani uchapishe mpya. Na kama mjomba aliacha injini, usiziwashe kabisa! Baruti yake hupata nyufa kwa joto na baridi ya miaka mingi, na injini yenye ufa inaweza kulipuka.

Kile kijindege kinachobebwa mgongoni mwa roketi kirushe kwanza kwa mkono, kwenye nyasi, mpaka kielee vizuri.