Chumba cha Eksirei Kina Baridi, Mbona Chuma Kinalowa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mteknolojia wa mionzi katika kituo cha afya kilicho karibu na bahari hapa Tanga. Kiyoyozi cha chumba chetu cha eksirei tunakiweka nyuzi 16 mchana kutwa na kukizima jioni. Tangu masika yaanze, kila tunapokizima na kufungua mlango ili chumba kipigwe deki, kabati la chuma la jenereta ya mashine hutoka majimaji. Tumeshauriwa tununue kiyoyozi kikubwa zaidi. Je, kitasaidia?

JIBU: Hakitasaidia, na huenda kikawaongezea tatizo. Kiyoyozi cha kawaida hufuata joto tu. Kikishafikia nyuzi mlizokiwekea, kompresa husimama, lakini mara nyingi feni huendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, yaani yale mabomba baridi ya ndani yanayopoza hewa, na maji ambayo yangetoka nje kwa bomba hurudi hewani. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupoza chumba upesi na kusimama upesi, hivyo hakipati muda wa kuikausha hewa.

Hizo nyuzi 16 nazo ndizo zinazowaponza. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwenu si jambo la ajabu, huanza kuacha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 26 hivi. Chuma kilichoshinda kwenye baridi kitakosaje kulowa mlango unapofunguliwa? Jenereta hiyo hutoa umeme wa makumi ya maelfu ya volti, na unyevu ukichanganyika na vumbi lenye chumvi ya bahari, umeme hupata njia ya kuvuja pasipotakiwa.

Wekeni nyuzi 22 hadi 24, na kiyoyozi kisizimwe usiku. Ongezeni mashine ya kukausha hewa inayojiendesha kwa kipimo cha unyevu, mkikumbuka kwamba nayo hutoa joto kidogo. Watengenezaji wengi wa mashine za eksirei hutaka unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 60 hivi, lakini kitabu cha mashine yenu ndicho cha kufuatwa. Hewa kavu mno nayo huleta umeme tuli, ila kwa pwani yetu hilo lisiwanyime usingizi. Kipimo kitundikwe karibu na mashine, mbali na upepo wa kiyoyozi, na uwazi ulio chini ya mlango uzibwe kwa mpira.

Jambo moja mafundi wa viyoyozi hulisahau: ukuta wa chumba hicho ni kinga ya mionzi. Asitoboe mtu tundu la bomba kabla mtaalamu wa usalama wa mionzi hajaelekeza mahali pa kutoboa na namna ya kupaziba, kwa kuwa wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hawatalifumbia macho.

Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi washeni kwanza kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa. Mashine ya eksirei isubiri mpaka kipimo kirudi kwenye kiwango chake, hata kama foleni ya wagonjwa imefika getini.