Nakshi za kukwaruza: kigae cha Kilwa na tope jeupe

SWALI: Kilwa Kisiwani nilionyeshwa kigae chekundu kilichopakwa weupe, chenye mistari iliyokwaruzwa na mng'aro wa kijani juu yake. Je, ni kazi ya wazee wetu? Nami ninayefinyanga vyungu, naweza kuiga? – Msomaji, Lindi

JIBU: Chombo hicho kilikuja kwa jahazi kutoka Uajemi na pande za Ghuba. Wanaakiolojia hukiita sgrafiato, neno lenye asili ya Kiitaliano, yaani kilichokwaruzwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alivifukua vigae vyake Kilwa na Manda, kisiwa cha Lamu huko Kenya, na kwenye magofu ya Shanga, kisiwani Pate, vipo pia. Vingi ni vya karne ya 11 hadi katikati ya karne ya 13. Baadaye vikaja vya Yemen, vya manjano na michoro myeusi, na ndiyo maana kigae kidogo tu humsaidia mchimbaji kukadiria umri wa ukuta.

Wafinyanzi wa pwani nao walichora pembetatu na mistari ya mshazari shingoni mwa vyungu, tena kabla ya sgrafiato kufika. Ila wao walikwaruza udongo wenyewe, rangi ikabaki ileile. Mwajemi alitamani weupe wa vyombo vya Kichina na udongo wake ni mwekundu. Akaufunika kwa tope jeupe, akalikwaruza, wekundu ukachungulia. Kwangu uzuri wake wote uko hapo: mchoro umefunuliwa kutoka chini, na mkono ukiteleza hakuna kufuta.

Kuiga unaweza. Kwa tope, chukua vipimo 5 vya kaolini, yaani udongo mweupe laini (ya Pugu inafaa), 4 vya udongo unaonata na unaobaki mweupe ukichomwa, na 1 cha kioo kilichosagwa unga. Koroga na maji hadi liwe zito kama mtindi, kisha lichuje. Kaolini peke yake usithubutu: hunywea kidogo kuliko udongo mwekundu, na tope litabanduka magamba.

Paka bakuli likiwa halibonyei kwa kidole lakini ukucha bado unaacha alama. Kisha subiri. Hapa ndipo wengi huharibu. Tope likiwa bichi, ncha hulivuta na kingo hujaa matuta. Likikauka mno, humeguka vipande. Ni wakati mwafaka mng'ao wa maji ukishatoweka na ncha ya msumari ikitoa uzi laini usiokatika. Vijiuzi hivyo usivipanguse kwanza. Viache vikauke, uviondoe kwa brashi.

Kausha kivulini wiki nzima. Choma polepole mpaka nyuzi 600, kwani mvuke ulionaswa ndani hupasua chombo, kisha panda hadi nyuzi 1000. Moto wa kuni uwanjani hautoshi kuyeyusha kioo cha juu; tafuta tanuri. Mchomo wa kwanza ukipoa, paka glezi angavu, yaani ule mpako unaoyeyuka kuwa kioo, dondoshea oksidi ya shaba kidogo upate kijani, uchome tena kwa joto ambalo glezi yenyewe inataka.

SWALI: Bakuli la namna hiyo linafaa kwa achari? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inategemea glezi. Ile ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndimu, siki au ukwaju huitoa risasi hiyo ikaingia kwenye chakula. Shaba nayo huifanya itoke kwa urahisi zaidi. Nunua glezi isiyo na risasi, na hata hivyo bakuli lenye madoa ya kijani liweke rafuni, achari itie kwenye chupa.