Barua kwa mwanangu: umeniuliza kuhusu dua zangu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema: "Baba, miaka yote uliniombea nipone, na huu ugonjwa wa damu, selimundu, ninao mpaka leo. Uliwezaje kuendelea kuswali?" Nimeona nikuandikie, kwa simu nisingefika mwisho.

Ulikuwa na miezi minane viganja na nyayo zako zilipovimba zikawa kama maandazi. Ukalia usiku kucha. Shangazi zako wakasema mtoto amechezewa, tena kwa kina mama yako watoto wamekuwa wakifa wadogo, basi balaa limetoka huko. Nami sikuwakataza. Nilikuwa natoka msikitini, nimeomba hadi machozi, nikifika nyumbani simsemeshi mama yako. Hilo hukulijua. Miezi mitano nilikuwa hivyo, na yeye ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda hospitali, ndiye aliyekukanda kwa maji ya vuguvugu usiku.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari alituita wote wawili. Akasema mtoto haugui selimundu kwa kurithi upande mmoja. Lazima apate kwa baba na kwa mama. Sisi wote tulikuwa nayo nusu, bila kuumwa, na kila mimba yetu ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nikatazama sakafu. Mama yako hakusema neno, alikufunga kanga tu vizuri.

Nimeswali tangu utotoni, lakini naihesabu imani yangu tangu siku ile. Niliwaita dada zangu na marehemu bibi yako, nikasema mbele ya mama yako kwamba ugonjwa umetoka kwangu pia. Nikamwomba radhi. Ilibidi nitamke mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.

Ulipofika miaka sita uliishiwa damu, macho ya manjano, hata kukaa huwezi. Wewe ni kundi O, mimi A, damu yangu haikukufaa. Yule jirani yetu fundi baiskeli, mwanakwaya wa kanisani, alikuja na grisi mikononi, akanawa, akalala kitandani wakamtoa damu. Mimi nilikaa nje ya wodi nataka kuomba, halikuja neno hata moja. Imamu wetu akanikuta pale. Hakunihubiria. Alisema, "Leo tutaomba sisi, wewe pumzika," akakaa nami mpaka Isha. Kwa hiyo ukiuliza niliwezaje, mwanangu, zipo siku sikuweza, wakaniwezea wengine.

Dua bado naomba upone, sitakudanganya. Ila nilijifunza kwa Nabii Ayubu. Katika Surat Al-Anbiyaa anataja dhara lililompata, kisha anataja rehema ya Mola wake, anaishia hapo. Nami siku hizi huanza kwa kumweleza Mungu hali yako ilivyo: leo goti linamuuma, leo amekwenda kazini, leo hakupokea simu.

Unaikumbuka ile harusi ya Lushoto? Ilikuwa Juni, baridi ikakuingia mifupani, tukarudi Tanga usiku umelala mapajani pangu. Ukaniuliza umemkosea nini Mungu. Nikakwambia hujamkosea chochote. Mengi niliyokuwa na uhakika nayo yamebadilika tangu wakati ule. Hilo halijabadilika.

Mama yako amekufumia sweta, limeondoka na basi la asubuhi. Upepo wa Dodoma mwezi huu si wa kuuchezea. Kunywa maji, na vidonge vyako vya folik asidi usiache hata siku unayojisikia mzima. Na huyo kijana uliyemtaja, apime damu kabla wazee wake hawajaleta posa. Akija nyumbani nitamweleza haya yote mwenyewe, mama yako akiwa amekaa hapo hapo.

Baba yako