Maswali ya Mafundi: Nitriti Inapotea, Maji Yanakuwa Meusi

SWALI: Mzunguko wa maji baridi wa chila (mashine inayopoza maji ya viyoyozi) ya hoteli yetu umefungwa na unabeba kama lita 12,000. Mabomba ni chuma cheusi, koili za vyumbani ni shaba. Tunatia nitriti, dawa ya kuzuia kutu, kila mwezi, lakini wiki ya tatu kipimo kimeshashuka kutoka miligramu 900 kwa lita hadi 250. Maji yamekuwa meusi na yananuka kama mkojo. Muuza dawa mmoja anasema tuongeze dozi, mwingine anasema tuhamie molibdati, dawa nyingine ya kutu. Tumsikilize nani?
– Fundi wa zamu, Nyali, Mombasa

JIBU: Ndugu fundi, kwanza isome mita ya maji ya kujazia, yaani yale yanayoingia kufidia yanayopotea. Kama haipo, ifungeni wiki hii. Mfumo unaopoteza zaidi ya asilimia 10 ya maji yake kwa mwaka haufai kuitwa umefungwa: kila lita mpya inaingiza oksijeni na kuipunguza dawa nguvu.

Nitriti hupotea kwa njia mbili, kuvuja au kuliwa na bakteria. Pimeni jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kikishuka kipimo hicho sambamba na nitriti, mnavuja. Kikibaki karibu palepale huku nitrati au amonia (zao la nitriti iliyoliwa) ikipanda, bakteria ndio walaji. Harufu mliyoitaja ni dalili ya amonia, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na nitriti pale pasipo na hewa. Amonia hiyo ndiyo adui wa shaba, na viungio vya brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) huweza kupasuka kwa sababu yake.

Kuongeza dozi sasa ni kuwalisha bakteria. Lakini kukaa kwenye 250 ni hatari zaidi. Nitriti haba hukinga sehemu kubwa ya bomba na kuacha madoa machache wazi, basi ulaji wote wa kutu hukusanyika hapo na bomba hutoboka, wakati ukuta uliobaki bado ni mzima.

Msitie klorini. Itageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haikingi chochote, na bakteria watabaki chini ya tope. Tumieni dawa ya kuua bakteria, glutaraldehaidi au isothiazolinoni, kwa kipimo cha lebo, pamoja na dawa ya kulegeza utando wa bakteria. Zungusheni saa 24 hadi 48, vali zote za vyumbani zikiwa wazi, maana koili iliyofungwa huwa maficho. Kisha toeni maji, safisheni chujio, msukutue mpaka maji yawe meupe na chuma kiwe chini ya miligramu 1 kwa lita. Tieni dawa mpya siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilichosafishwa hushika kutu haraka. Maji machafu yasiende mtaroni wala baharini; pateni kwanza kibali cha mamlaka ya majitaka.

Kwa mfumo wenu tunachagua molibdati, kwa sababu bakteria hawaili. Lengeni miligramu 200 kwa lita, pH kati ya 8.5 na 9.5, pamoja na miligramu 10 hadi 20 kwa lita za tolitriazoli, dawa ya kukinga shaba. Kwa lita 12,000 mtahitaji kama kilo 3.6 za molibdati ya sodiamu ya fuwele. Bei yake ni kubwa kuliko ya nitriti, basi zibeni mivujo kwanza. Angalieni pia hewa ya tenki la upanuzi, kwani ikipungua, vali za kutolea hewa zilizo juu huanza kuvuta hewa ndani.

Mafundi wengi hujikwaa kwenye kipimo chenyewe. Baadhi ya vifaa husoma molibdenamu tupu, yaani metali iliyo ndani ya molibdati, vingine molibdati nzima. 120 ya kwanza ni sawa na 200 ya pili. Someni karatasi ya kifaa kabla ya kuongeza chochote.

Je, hizo lita 12,000 mmezipima au mmezikisia? Mkisha kusukutua, tieni kilo 1 ya molibdati hiyo, zungusheni siku nzima, kisha pimeni. Kilo 1 ina gramu 661 za molibdati. Mkisoma miligramu 55 za molibdati kwa lita, ujazo ni lita 12,000 kweli. Halafu jazeni kilo zilizobaki, na mtundike ndani ya maji vipande vya majaribio vya chuma na shaba kwa siku 90 ili kupima kutu. Chuma kisipoteze unene wa zaidi ya milimita 0.0125 kwa mwaka.

Mwisho kwa hoteli: nitriti iliyobaki stoo inafanana na chumvi na huua. Ifungieni mbali kabisa na jiko, yenye lebo, na isikutane na asidi.

SWALI: Jenereta yetu ya dizeli ina rejeta ya alumini. Je, molibdati peke yake inatosha?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Usiitegemee peke yake; fuata kitabu cha injini. Kwenye injini kubwa, slivu za silinda (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) hutetema, vipovu vya mvuke hupasuka juu ya ukuta wake na kuutoboa kutoka upande wa maji. Nitriti ndiyo kinga ya kawaida, mara nyingi miligramu 1,200 kwa lita au zaidi. Lakini nitriti nyingi mbele ya alumini hutoa amonia na kupandisha pH, na alumini huliwa. Nunua kipozeshi (maji ya dawa ya rejeta) kilichoandikwa wazi kuwa kinafaa slivu na alumini kwa pamoja, kizimue kwa maji yaliyoondolewa madini, na usikichanganye na cha aina nyingine, hata kama rangi zinafanana.