Kadi nyekundu kwa kocha ni halali

Mnalalamika kwamba kocha wenu alionyeshwa kadi nyekundu kwa tusi lililotoka kwenye benchi lenu, na mnataka kukata rufaa. Mwamuzi hakukosea, kocha anaonyeshwa kadi kama mchezaji. Tangu 2019 Sheria ya 12 ya soka inaruhusu viongozi wa benchi la ufundi kupewa njano au nyekundu. Zamani walikuwa wanaonywa kwa mdomo au kutolewa tu. Na hoja yenu kwamba "si yeye aliyetukana" haimwokoi: tusi likitoka benchi na mwamuzi asimtambue aliyelitoa, adhabu inamwangukia kocha mwandamizi aliyepo pale. Nahodha naye hana upendeleo wowote kwa sababu ya kitambaa, ila sheria inampa sehemu ya wajibu wa tabia ya timu yake.

Mimi huchezesha mechi za vijana mtaani na naiunga mkono kabisa sheria hii. Mtoto wa miaka 12 akimsikia kocha wake anamtusi mshika kibendera, mpira ukitoka tu upande ule naye anamtusi.

Lakini kazi ya kadi inaishia kwenye mechi ile. Kumfungia kocha mechi zijazo ni juu ya kamati ya ligi yenu, kwa hiyo ombeni kanuni zao mzisome kabla ya kukata rufaa.