"Kilijaza mafuta angani": kilitoa au kilipokea?

SWALI: Ninatafsiri historia ya kikosi cha jeshi la anga la Marekani kilichoundwa mwaka 1948. Nimeandika hivi: "Mwaka 1949 Kikosi cha 43 kilijaza mafuta angani mara nne katika safari ya kuizunguka dunia." Rafiki yangu ameisoma akaniuliza, ni kikosi hicho kilichoizunguka dunia? Pia, je, ni sawa kukiita "kikosi cha ujazo wa mafuta na usafiri"?

JIBU: Rafiki yako amekwama palepale pa kukwamia. Dereva akitoka kituoni husema, "Nimejaza mafuta." Aliyeshika mpira wa pampu ni mhudumu, lakini hatumshangai dereva, maana kwa mazoea yetu anayejaza ni mwenye tangi. Basi msomaji akikuta "Kikosi cha 43 kilijaza mafuta" anakiona kikosi kama dereva: kilikuwa na kiu, kikanywa. Nawe ulikusudia kwamba ndicho kilichonywesha.

Historia yenyewe nayo inazidisha utata. Ndege iliyoizunguka dunia, Lucky Lady II, B-50 ya kudondosha mabomu, ilitoka katika kundi lenye namba hiyohiyo, 43. Iliondoka Carswell, Texas, tarehe 26 Februari 1949, ikatua hapohapo tarehe 2 Machi baada ya saa 94 angani. Njiani ilikutana mara nne na ndege za mafuta aina ya KB-29M: Azores, Saudia, Ufilipino na Hawaii. Ndege ya mafuta ilikaa juu, mpira ukavutwa hadi kwenye ndege iliyo chini, mafuta yakateremka kwa uzito wake yenyewe. Mtoaji 43, mpokeaji 43. Kitenzi kisipowatenganisha, hakuna kitakachowatenganisha.

Tunayo kauli ya kutendea, na kazi yake ni hii hasa. Mama akisema "nijazie ndoo", hakuna anayeuliza ndoo ni ya nani. Andika "Kikosi cha 43 kiliijazia mafuta Lucky Lady II", na mtoaji na mpokeaji kila mmoja amekaa mahali pake. Ukipenda kuanza na mpokeaji: "Lucky Lady II ilijaziwa mafuta na Kikosi cha 43." "Ilijazwa mafuta" si kosa, ila mimi nachagua "ilijaziwa", kwa sababu inabeba ile hali ya mmoja kumfanyia mwenzake. Wapo wanaosema "kuongezea" ni bora, kwa kuwa si lazima tangi lijae pomoni. Hoja yao ina uzito, lakini "kujaza mafuta angani" imeshazoeleka magazetini na sioni faida ya kuing'oa.

Kuhusu jina, hapana. "Ujazo" ni kiasi kinachoingia ndani ya chombo. Tunazungumzia ujazo wa pipa. Kitendo ni "ujazaji". Vivyo hivyo "usafiri" ni wa anayesafiri, na kikosi cha aina hii husafirisha watu na mizigo ya wengine, kwa hiyo sema "usafirishaji", au "uchukuzi" ukitaka neno fupi. Kazi hizo mbili hukaa jina moja kwa sababu mara nyingi hukaa ndege moja. KC-135, ndege ya mafuta ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1957, huweka mafuta yake kwenye mbawa na chini ya sakafu, na juu ya sakafu hiyo hupakia abiria na shehena. Jina zima liwe "kikosi cha ujazaji mafuta angani na uchukuzi".

Naomba usiichukue tofauti hii kuwa ya kisarufi tu. Katika safari ile ya 1949, mojawapo ya ndege za mafuta ilianguka Ufilipino ilipokuwa ikirudi kambini baada ya kumaliza kazi yake, na watu wote tisa waliokuwamo walikufa. Sifa zilikwenda kwa Lucky Lady II. Ukiandika "kilijaza", msomaji anadhani kikosi ndicho kilichopokea, na watu wale tisa hawaonekani popote. Mimi ningeandika hivi: "Mwaka 1949 ndege za Kikosi cha 43 cha ujazaji mafuta ziliijazia mafuta Lucky Lady II mara nne, nayo ikaizunguka dunia bila kutua, lakini moja ya ndege hizo za mafuta haikurudi."